Viti maalum: nani anamtuma mbunge mwanamke bungeni?

Mwaka 2020 CHADEMA ilishinda jimbo moja tu la ubunge nchi nzima, Nkasi Kaskazini mkoani Rukwa, lakini ikagawiwa viti maalum 19 vya wanawake. ACT-Wazalendo ilishinda majimbo manne na haikupata hata kiti maalum kimoja. Asiyejua hesabu inavyokwenda atasema hapo pana mchezo. Hapana. Ndivyo Katiba ya Tanzania inavyosema. Na mtu akishaielewa hesabu hiyo ndipo anapoanza kuelewa kwa nini Bunge ambalo zaidi ya theluthi moja ya wabunge wake ni wanawake linaweza kumaliza muhula mzima bila kugusa sheria inayoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa.

Mjadala wa viti maalum kwa kawaida hugawanyika kambi mbili. Wapo wanaosema ni viti vya bure, vifutwe. Wapo wanaosema bila viti hivyo wanawake watatoweka bungeni. Kambi ya pili ina ushahidi mwingi kuliko ya kwanza, nami niko karibu nayo. Ila zote mbili zinaliruka swali ambalo kwangu ndilo kubwa: mbunge huyu amewekwa pale na nani, na nani anaweza kumwondoa?

Hesabu inavyokwenda

Ibara ya 66 ya Katiba inataja aina za wabunge. Kuna wa majimbo, ambao mwaka 2020 walikuwa 264. Kuna wanaoteuliwa na Rais, wasiozidi 10, na watano kati yao sharti wawe wanawake. Kuna watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, wawili kati yao wakiwa wanawake. Kuna Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Spika iwapo hakutoka miongoni mwa wabunge. Kisha kuna wanawake wa viti maalum, ambao Katiba inataka wasipungue asilimia 30 ya hao wengine wote. Asilimia hiyo ni kiwango cha chini, na idadi inaweza kuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 2015 na 2020 viti hivyo vilikuwa 113, yaani kama asilimia 40 ya wabunge wengine.

Mgawanyo wake uko kwenye Ibara ya 78. Chama hakipewi viti maalum kwa kuangalia majimbo kiliyoshinda. Zinajumlishwa kura zote ambazo wagombea wake wa ubunge wamepata nchi nzima, waliobwagwa na walioshinda, na chama kinapata viti kwa uwiano wa jumla hiyo, ilimradi kimefikisha asilimia tano ya kura zote halali. CHADEMA ilisimamisha wagombea karibu kila kona mwaka 2020. Wakaanguka karibu wote, lakini kura zao zikabaki kwenye jumla, zikaizalia viti 19. ACT-Wazalendo ilikuwa na nguvu sehemu chache, ikashinda huko, lakini kitaifa haikufika asilimia tano. CCM ilichukua viti 94 vilivyobaki.

Kila chama hupeleka Tume ya Uchaguzi orodha ya majina ya wanawake, yakiwa yamepangwa kwa mfuatano wa chama chenyewe. Matokeo yakitoka, Tume huhesabu kutoka juu kushuka chini mpaka idadi ya viti itimie. Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula hakuna uchaguzi mdogo, anaitwa anayefuata kwenye orodha.

Kwa hiyo mpigakura anachangia idadi ya viti. Majina hayachagui, wala hayaoni kwenye karatasi yake. Yote yanayofuata katika makala haya yanatokana na hapo.

Viti hivi havikuzuka tu

Kuna watu wanaodhani viti maalum ni zawadi ya wafadhili wa miaka ya tisini. Tatizo ambalo viti hivi vilikuja kulitatua ni la zamani kuliko hapo, na kisa kinachoonyesha hilo vizuri zaidi ni cha Bibi Titi Mohamed.

Mwaka 1955, TANU ikiwa changa, Bibi Titi alichukua kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, anajulikana, ana sauti, na alijua pa kuwapata wanawake: kwenye vikundi vyao vya ngoma na shughuli zao. Akazunguka nchi. Wanawake wakachukua kadi kwa maelfu wakati wanaume wengi, hasa waliokuwa na ajira ya serikali ya kikoloni, walikuwa wanaogopa kuonekana. Baada ya uhuru akawa kiongozi wa Umoja wa Wanawake, UWT, akaingia serikalini. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, aligombea Rufiji akaanguka. Mwanamke aliyekijaza chama wanachama alishindwa kupata jimbo ndani ya chama hichohicho. Baadaye, mwaka 1969, alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiwa 1972. Hayo yana historia yake. Ninalolitaka hapa ni lile la Rufiji, kwa sababu limejirudia kwa wanawake wengi kwa miaka sitini: mchango wa mwanamke katika siasa ni kitu kimoja, na kura ya jimbo ni kitu kingine kabisa.

Njia ilibidi itafutwe. Mwaka 1985 zilitengwa nafasi 15 za wanawake bungeni. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, Katiba ikaweka asilimia 15, na Bunge la 1995 likawa na wanawake 37 wa viti maalum. Mwaka huohuo Mtanzania, Mama Gertrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing, na wanawake waliorudi kutoka huko hawakurudi kimya. Mwaka 1997 nchi za SADC zilitia saini azimio la kufikisha asilimia 30 ya wanawake katika uongozi ifikapo 2005. Viti maalum vikawa 48 mwaka 2000, 75 mwaka 2005, 102 mwaka 2010, na 113 mwaka 2015. Kila hatua ilipiganiwa na wanawake wa vyama na wa mashirika, bega kwa bega, na heshima hiyo wanastahili.

Kiti kinakaa mkononi mwa nani

Ndani ya CCM majina ya viti maalum huanzia kwenye mikutano ya UWT ya mikoa. Wajumbe wanapiga kura, wanaoongoza wanapelekwa mbele, na vikao vya taifa vya chama vinasema neno la mwisho. Zipo pia nafasi za makundi: vijana, wenye ulemavu, wafanyakazi, vyuo vikuu, asasi za kiraia. Vyama vingine vina taratibu zao kupitia mabaraza yao ya wanawake na kamati kuu. Popote pale, anayepaswa kuridhishwa ni mjumbe na kikao. Hata wajumbe wakiwa wengi namna gani, si wananchi wa mkoa.

Sasa jiweke mahali pa mbunge wa namna hiyo. Serikali ya chama chako imeleta muswada ambao unajua utawaumiza akina mama wa sokoni kwenu. Mbunge wa jimbo akiupinga anaweza angalau kusema: wananchi wangu ndio walionituma. Wewe utasema nini? Wanaokurudisha bungeni ni vikao vya chama, na miaka mitano si mingi. Uoga hapo si wa jinsia. Mwanaume akiwekwa kwenye kiti hicho atanyamaza vilevile.

Upande wa upinzani jambo hili lilijitokeza kwa namna kali zaidi. Tarehe 24 Novemba 2020 wanawake 19 wa CHADEMA, Halima Mdee akiwa mmoja wao, waliapishwa na Spika Job Ndugai jijini Dodoma. Chama chao kikasema hakijateua mtu yeyote, kwa kuwa kilikuwa kimeyakataa matokeo ya uchaguzi. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ikawavua uanachama. Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomwingiza bungeni, anapoteza kiti. Wao wakakata rufaa ndani ya chama. Mei 2022 Baraza Kuu likaikataa. Wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2023 mahakama ikaubatilisha uamuzi wa Baraza Kuu kwa kuwa baadhi ya waliotoa hukumu ya kwanza walishiriki pia kuamua rufaa. Wakaendelea kukaa bungeni mpaka muhula ukaisha.

Kila upande una hoja zake na wasomaji wana misimamo yao. Mimi nawaomba mtazame jambo moja tu. Katika miaka yote ya mzozo huo walisikika chama, Tume, Spika na mahakama. Mpigakura hakusikika popote, kwa sababu sheria haikumpa pa kusimama. Hakuna mkoa ambao wananchi wake wangeweza kusema, huyu ni wetu mwacheni, au huyu si wetu mtoeni. Kisha Oktoba 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, na wanawake wake wote, wawe na uwezo gani, wakakosa hata orodha ya kuandikwa majina.

Kuna tofauti nyingine ambazo hazisemwi sana. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa katika jimbo la uchaguzi. Mwanamke wa viti maalum, hata awe hodari kuliko wote bungeni, hawezi kushika nafasi hiyo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009, unasimamiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo. Mbunge wa viti maalum anahudumia mkoa mzima bila mfuko wa namna hiyo. Mwananchi anayemwona mmoja akileta saruji ya zahanati na mwingine akileta pole msibani atafanya hesabu zake mwenyewe kuhusu nani ni mbunge kweli.

Kwa nini wasiende majimboni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa urahisi kuliko yote. Mwaka 2015 na 2020 wanawake waliochaguliwa majimboni hawakufika 30 kati ya wabunge 264. Sio kwamba hawajaribu.

Anza na swali la nyumbani. Mwanamke aliyeolewa akitangaza nia wilayani kwa mumewe, ataambiwa yeye ni mgeni, kaja kwa ndoa, akagombee kwao. Akienda alikozaliwa ataambiwa alishaolewa, ana kwao kwingine, jimbo haliwezi kutawaliwa na wakwe. Kama ndoa imevunjika, ndiyo basi. Kila kikao kitaanza na kisa cha ndoa yake. Na kama hajaolewa, ataulizwa atawezaje kuongoza jimbo na nyumba hana. Mwanaume anazaliwa na jibu la swali la kwenu ni wapi. Mwanamke analijibu upya kila akisimama, na mpinzani wake hahitaji sera yoyote zaidi ya kulirudia.

Halafu fedha. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kutoa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo kwa kuwa ilifungua mlango wa rushwa na kuwabagua wagombea wasio na kitu. Mlango wa sheria ulifungwa, lakini kura za maoni za vyama zinafanyika mbali na macho ya wengi, na gharama yake haijashuka. Baada ya kura za maoni za CCM za 2020, mtaani kulienea msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Watu walicheka. Waliouza shamba au kukopa ili wachukue fomu hawakuwa na la kuchekesha, na mwanamke mara nyingi hana shamba la kuuza kwa sababu hati haina jina lake, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa ya kumiliki.

Zipo pia gharama zisizolipwa kwa shilingi. Vikao vya usiku ambavyo mwanamke akienda anasemwa na asipoenda anakatwa. Matusi ya majukwaani na kwenye simu, yanayolenga mwili wake na watoto wake. Na rushwa ya ngono, ambayo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitambua kuwa kosa, lakini ni wangapi watakwenda TAKUKURU kumshtaki kiongozi ambaye kesho ndiye anayekaa kwenye kikao cha uteuzi?

Juu ya hayo, viti maalum vyenyewe vimezaa kikwazo ambacho waliovianzisha hawakukikusudia. Mwanamke akichukua fomu ya jimbo anaambiwa na wenzake wa chama, wanaume na wanawake: nyie mmeshatengewa nafasi zenu, jimbo waachieni wengine. Hilo nalichukulia kuwa ni kosa la tafsiri ambalo vyama vimelilea kwa makusudi. Katiba haikusema popote kwamba majimbo ni ya wanaume.

Pamoja na hayo, wapo waliopita. Anne Makinda aliingia bungeni akiwa kijana mwaka 1975, baadaye akashinda jimbo la Njombe Kusini na mwaka 2010 akawa Spika wa kwanza mwanamke. Halima Mdee alianza viti maalum 2005, akashinda Kawe 2010 na 2015. Aida Khenani, aliyelipata lile jimbo moja la CHADEMA mwaka 2020, alitokea viti maalum vya muhula uliotangulia. Na Rais Samia Suluhu Hassan aliingia siasa za uchaguzi mwaka 2000 kupitia viti maalum vya Baraza la Wawakilishi Zanzibar, akashinda jimbo la Makunduchi 2010, akawa Makamu wa Rais 2015, na kuapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021. Anayesema viti hivi havijazaa kitu hana budi kuyajibu majina hayo. Ila ni majina machache kwa miaka arobaini, na vingi kati ya viti hivyo hukaliwa na watu ambao mwananchi wa mkoa wao hawezi kuwataja.

Wakiwa mle ndani wamefanya nini

Mwaka 2018, baada ya wabunge wanawake kulibeba suala la taulo za kike, wengi wao wakiwa wa viti maalum, kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo iliondolewa. Watu wazima walikaa kwenye Bunge la Jamhuri wakazungumzia hedhi ya mwanafunzi wa kijijini anayekosa masomo kila mwezi. Sidhani kama jambo hilo lingefika mezani kwenye Bunge la wanaume watupu. Mwaka mmoja baadaye, 2019, serikali ikairudisha kodi ikisema bei haikushuka. Badala ya kuwabana wafanyabiashara, nafuu ikafutwa, na bajeti ikapita.

Mwaka 2018 pia iliwekwa kwenye sheria kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu, ukaanza tena 2024. Kwenye mabaraza ya madiwani, ambako nako viti maalum vya wanawake havipungui theluthi moja ya madiwani wa kata, mikopo hii ndiyo sehemu ambayo diwani mwanamke anaweza kuonekana akifanya kazi, na wapo wanaoifanya kwa uchungu mkubwa.

Kisha kuna Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu vya 13 na 17 vinaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa amri ya mahakama. Rebeca Gyumi alivipinga Mahakama Kuu, akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye na kuagiza sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na muhula wa Bunge lililochaguliwa 2020 ukaisha sheria ikiwa vilevile. Wanaume ndio waliokuwa wengi mle ndani na lawama kubwa ni yao pamoja na serikali isiyoleta muswada. Lakini wanawake zaidi ya 130 wanatosha kufanya kelele ambayo nchi nzima ingesikia. Kelele hiyo haikupigwa, na naamini sababu iko kwenye namna walivyoingia: hakuna mama wa Shinyanga au Tabora mwenye binti wa miaka 15 aliyekuwa na kura ya kuwaadhibu.

Majirani walivyolichukua

Kenya ilikwenda njia nyingine. Katiba ya 2010 inasema hakuna chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa ambacho zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wake watakuwa wa jinsia moja. Kwa mabunge ya kaunti, Ibara ya 177 ikaeleza namna ya kuitekeleza: baada ya uchaguzi, vyama vinaongezewa viti maalum mpaka uwiano ufikiwe. Kwa Bunge la Taifa na Seneti haikuweka nyongeza ya namna hiyo. Hapo ndipo fundo lilipo. Kaunti zinatimiza sheria, Bunge linaivunja kila muhula, na dawa yake ni sheria ambayo wabunge haohao ndio wa kuipitisha. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilishauri utekelezaji uwe wa hatua kwa hatua, mwisho Agosti 2015. Tarehe hiyo ikapita. Miswada ikaanguka, mmoja Februari 2019 kwa sababu wabunge 233 waliohitajika hawakuwemo ukumbini. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Halikuvunjwa.

Ila Wakenya wana kitu ambacho sisi hatuna: mwakilishi wa wanawake wa kaunti, 47 kwa jumla, ambaye hupigiwa kura na kila mkazi, mwanamume kwa mwanamke. Wa Nairobi anatafuta kura kwenye eneo lenye majimbo 17. Nafasi hii ina matatizo yake; kampeni ni ya kaunti nzima huku mfuko wake ukiwa mdogo kuliko ule wa mbunge wa jimbo. Lakini mwanamke aliyeshinda kaunti nzima tayari amejua njia ya kuitafuta tena kwa cheo kikubwa zaidi. Mwaka 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana wala seneta. Mwaka 2017 walipatikana magavana watatu, na 2022 wakawa saba. Wawili kati ya hao saba, Gladys Wanga wa Homa Bay na Kawira Mwangaza wa Meru, walitokea moja kwa moja kwenye uwakilishi wa wanawake wa kaunti hizohizo.

Rwanda hutajwa kila mara kwa kuwa tangu 2008 wanawake ni zaidi ya nusu ya Baraza la Wawakilishi lenye viti 80. Kinachosahaulika ni kwamba viti vilivyotengwa kwa wanawake ni 24 tu. Waliobaki hupatikana kwenye orodha za vyama, kwa sababu viti 53 vinagombewa kwa uwiano. Chama kikilazimika kupanga orodha kinaweza kuweka mwanamke wa pili, wa nne, wa sita. Kwenye jimbo la mtu mmoja chama huweka jina moja, na jina hilo mara nyingi ni la mwanaume.

Karatasi ya nne

Tanzania iliwahi kukaribia mabadiliko. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka viti maalum viondoke na kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014 iliahidi usawa wa hamsini kwa hamsini. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haijapigwa mpaka leo.

Kuvifuta viti maalum leo bila kuweka kitu mahali pake kungewabakiza bungeni hao wasiofika 30 wa majimboni pamoja na wateule wachache. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Kuiga Kenya neno kwa neno nako kuna hasara: mwanamke mmoja kwa mkoa, anayepata kura nyingi ndiye mshindi, na upinzani ungebaki bila mwanamke karibu kila mahali. Uwiano wa kura una faida yake na ninataka ubaki. Ninachotaka kibadilike ni mkono unaochagua jina.

Tuna mikoa 31, Bara na Zanzibar. Mikoa ikipewa viti vitatu au vinne kila mmoja, tunafika karibu na vile 113 vya mwaka 2020. Kila chama kipeleke majina yake ya wanawake wa mkoa, majina hayo yachapishwe kwenye karatasi, na mpigakura aweke alama kwenye jina analolitaka. Kura za chama zihesabiwe kwa uwiano wa mkoa, na waingie wale waliopendwa zaidi na wananchi, hata kama chama kiliwaandika mwisho. Wagombea watalazimika kufanya mikutano Urambo na Nzega na si kwenye ukumbi wa wajumbe tu. Itawagharimu, ndiyo, kwa hiyo ruzuku ya vyama itengewe fungu la kampeni za wanawake kwa sheria. Katika hilo ingebidi Ibara za 66 na 78 ziguswe, na ile ya 51 ifunguliwe ili anayechaguliwa na mkoa mzima aweze kuwa Waziri Mkuu.

Wapo watakaosema mpigakura atachanganyikiwa. Mpigakura wa Bara hupewa karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Mkenya hupewa sita. Mzanzibari, raia wa Jamhuri hiihii, hupiga kura ya Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani, karatasi tano, na amekuwa akizitumbukiza kwenye masanduku yake kwa miaka mingi.